Kikaoni pendekezo la mwanamke halisikiki hadi mwanamume alirudie: tatizo liko kwenye usemi au kwenye usikilizaji?

Katibu wa Mtaa aliuliza:

Ndugu zangu, naomba kuleta kwenu jambo ambalo bila shaka wengi wenu mmelishuhudia katika vikao vya mitaa, vya makanisa, vya shule au vya kazini hapa Nairobi.

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji. Mambo yetu ni yale yale ya kila mtaa: maji ya mgao, taka, taa za barabarani na walinzi wa lango. Katika kikao cha hivi karibuni tulikuwa tukijadili malipo ya kampuni ya ulinzi, nami nikapendekeza kwamba malipo ya mwezi yasitolewe mpaka kampuni hiyo iwasilishe daftari la zamu lililotiwa sahihi na wakazi wawili, ili tuache kulipia zamu hewa. Hakuna aliyeitikia. Mjumbe mmoja akaanza kuzungumzia taa. Baadaye kidogo mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele, mhandisi mstaafu ambaye namheshimu sana, alisema jambo hilo hilo kwa maneno yaliyokaribiana mno na yangu, na papo hapo watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mwenyekiti akaniagiza niandike kwamba pendekezo la Mhandisi limepitishwa. Kumbukumbu za vikao naziandika mimi, kwa hiyo ni mkono wangu ulioandika hivyo.

Jina langu kukosekana ni jambo dogo. Kinachonikosesha amani ni kwamba mtaa ulikaribia kulipoteza pendekezo lenyewe, kwa maana mzee yule asingelirudia, tungekuwa bado tunalipia usiku ambao hakuna mtu aliyelinda.

Rafiki zangu wa kike wamenishauri nizungumze kwa ukali zaidi, niache kutanguliza "samahani" na "nilikuwa nafikiria labda". Ushauri huo nimeufuata. Niliposimama na kusema bila kuomba radhi, kwa sauti ile ile wanayoitumia wanaume kila siku, mjumbe mmoja aliniambia, "Mama, usitugombeze," na kikao kizima kikacheka. Nimeona pia kwamba wanaume huitwa kwa kazi na vyeo vyao, Mhandisi, Mwalimu, Mzee wa Kanisa, ilhali mimi niliye mhasibu huitwa Mama pamoja na jina la kifungua mimba wangu. Jina hilo nalipenda nyumbani na kwa majirani, lakini katika kikao cha bajeti huwafanya watu wanione kama niliyekuja kuwaandalia chai.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, ni kweli kwamba sisi wanawake tunazungumza kwa namna inayopunguza uzito wa maneno yetu, au maneno yetu hupunguziwa uzito yakishatoka kinywani? Je, kuna uchunguzi wowote wa kitaalamu juu ya jambo hili? Na wale waliofaulu kulibadilisha katika vikao vyao walifanyaje?


Mwalimu wa Isimu alijibu:

Dada Katibu, nashukuru kwa kulieleza jambo hili kwa utulivu na kwa ukamilifu. Nafundisha isimu, yaani taaluma ya lugha, katika chuo kimoja hapa jijini, na swali lako ndilo hasa ambalo wanataaluma wa lugha na jinsia wamekuwa wakibishania kwa takriban miaka hamsini.

Mwaka wa 1973 mwanaisimu wa Marekani, Robin Lakoff, alichapisha makala aliyodai ndani yake kwamba wanawake hufunzwa tangu utotoni kuzungumza kwa kusitasita, kuongeza vijiswali kama "sivyo?" mwishoni mwa kauli, na kuomba pale ambapo mwanamume angeagiza. Hoja zake alizijenga zaidi juu ya namna yeye mwenyewe na watu waliomzunguka walivyozungumza, wala hakuwa na rekodi nyingi za mazungumzo halisi. Hata hivyo makala hiyo iliwachochea wengine waende kurekodi, na kwa bahati mbaya ilizaa pia ushauri ule uliopewa na rafiki zako, kwamba mwanamke akirekebisha usemi wake, mambo yatanyooka.

Waliokwenda kurekodi walikuta mambo yenye utata zaidi. Mwaka wa 1975 Don Zimmerman na Candace West walichapisha uchunguzi wa mazungumzo yaliyonaswa huko California, na katika mazungumzo 11 ya mwanamume na mwanamke walihesabu mara 48 ambapo mmoja alimkatiza mwenzake. Mara 46 kati ya hizo aliyekatiza alikuwa mwanamume. Sampuli hiyo ilikuwa ndogo, na watafiti waliofuata hawakupata pengo kubwa namna hiyo kila mahali, kwa hiyo si vyema kuitumia kana kwamba ni sheria. Lakini ilihamisha macho ya watafiti kutoka kwa anayesema hadi kwa anayempa au kumnyang'anya nafasi.

Uchunguzi ninaouona kuwa na uzito zaidi kwa swali lako ni ule wa William O'Barr na Bowman Atkins, uliochapishwa mwaka wa 1980, juu ya mashahidi katika mahakama za North Carolina, huko Marekani. Walikuta kwamba ule usemi wa kusitasita ulioitwa wa kike ulitumiwa pia na wanaume wasio na hadhi kubwa katika jamii, na kwamba wanawake walioitwa mahakamani kama wataalamu hawakuutumia sana. Kwa maneno mengine, walichokuwa wakikisikia watu na kukiita uanamke kilikuwa, kwa sehemu kubwa, sauti ya mtu asiye na mamlaka mahali pale.

Na iwapo bado kuna anayeamini kwamba namna ya kuzungumza huzaliwa na mtu kulingana na jinsia yake, namwomba atazame Madagaska. Mwaka wa 1974 Elinor Ochs, ambaye wakati huo aliandika kwa jina la Elinor Keenan, alieleza kijiji ambacho wanaume ndio waliosifiwa kwa kusema kwa mafumbo, kwa kuzunguka na kwa kuepuka kabisa kumkabili mtu, ilhali wanawake ndio waliosema wazi. Palipohitajika mtu wa kukemea, au wa kuvutana juu ya bei sokoni, alitumwa mwanamke. Ukiwapeleka watu wa kijiji kile katika kikao chenu, Dada, wanaume wangeonekana wenye kusitasita na wanawake wangeonekana wakali. Sasa sikiliza sehemu inayoumiza: hata huko, usemi wa mafumbo wa wanaume ndio uliohesabiwa kuwa wa hekima, na uwazi wa wanawake ukahesabiwa kuwa upungufu wa adabu. Namna ya kusema ilikuwa imegeuzwa kichwa chini, lakini mizani ya heshima ilibaki ikielemea upande ule ule.

Ndiyo sababu yule mjumbe alikwambia usiwagombeze. Hapa kwetu tuna mfano unaojulikana na wote. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa sitini ndani ya bustani ya Uhuru Park, aliandika barua kwa ofisi husika, kwa hoja za kisheria na za kimazingira. Bungeni hoja zile hazikujibiwa. Wabunge walizungumzia talaka yake na kuliita kundi lake genge la wanawake waliotalikiwa, na rais wa wakati huo alitamka hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Profesa yule hakuwa na kasoro yoyote ya usemi. Jengo halikujengwa, na bustani ipo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba tofauti za usemi zipo, ila ni ndogo kuliko tunavyoaminishwa, nazo hubadilika kulingana na mahali na wadhifa. Hata ile imani kwamba wanawake huzungumza sana imepimwa: mwaka wa 2007 Matthias Mehl na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 396 wa vyuo vikuu vya Marekani na Meksiko waliovaa vinasa sauti, na kila upande ulitumia takriban maneno 16,000 kwa siku. Kinachotofautiana sana ni jinsi maneno hayo yanavyopokelewa, na hilo haliwezi kutibiwa kwa kumfundisha mwanamke kusema upya.


Mpangaji wa Kasarani alijibu:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, lakini naona umeiachia jinsia peke yake mzigo ambao una wabebaji wengi. Mimi ni mwanamume, nina umri wa chini ya miaka thelathini, na ni mpangaji. Katika kikao cha ploti yetu nikisema jambo, hutokea yale yale aliyoyaeleza Dada Katibu, na mara nyingi anayenirudia na kusifiwa ni mama mwenye nyumba, ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza. Pale kwetu mwenye hatimiliki ndiye anayesikika, awe mume au mke, na kijana wa kupanga huambiwa kwamba yeye ni mpita njia. Je, si kweli kwamba huyo mhandisi alisikilizwa kwa sababu ya mvi, elimu na nyumba yake, na kwamba hata katibu angekuwa mwanamume wa umri wa miaka thelathini na tano angepuuzwa vile vile?


Mwalimu wa Isimu alijibu:

Ndugu yangu, hoja yako inaenda sambamba na yale ya mahakama za North Carolina niliyoyataja, na sina haja ya kuipinga. Umri, mali na elimu humpa mtu haki ya kusikilizwa. Lakini itazame hali ya Dada Katibu: ana taaluma, ana wadhifa ndani ya chama chenyewe, na jambo lililokuwa mezani ni la fedha, ambalo ndilo fani yake. Vitu hivyo vitatu vingempa mwanamume jina la Mhasibu na kiti cha mbele. Kwake vimefunikwa na jina la mtoto wake. Wewe utazeeka na huenda ukanunua nyumba, na siku hiyo utasikilizwa. Yeye akizeeka, ataitwa Shosho, yaani nyanya.


Mama wa Chama alijibu:

Mwanangu Katibu, pokea salamu zangu kutoka South C. Nilizaliwa Mombasa na nimeishi Nairobi tangu nilipoolewa, na ningependa kusema jambo ambalo wasomi hupita juu yake upesi, kwamba sisi wanawake tuna namna zaidi ya moja ya kuzungumza, na tunachagua.

Katika chama chetu cha akina mama, ambapo tunachangiana pesa kwa mzunguko na kukopeshana, hakuna anayetanguliza samahani. Mweka hazina wetu ni mama mpole ambaye katika kamati ya shule ya wajukuu wetu hafungui kinywa, bali hutabasamu na kuandika. Mama huyo huyo, mtu akisoma hesabu zake kwa kubabaisha chamani, humkatiza katikati ya sentensi: "Hesabu hiyo haikai, rudi mwanzo." Wala hakuna anayenuna, kwa sababu tunajua pesa ni za wote. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mwanamke hajui kusema waziwazi. Anajua sana, na anajua pia mahali ambapo uwazi wake utamgharimu.

Kwetu pwani usemi wa kupitia pembeni ni ufundi wenye heshima yake. Mwanamke aliyechokozwa na jirani huvaa leso iliyoandikwa jina kama "Hasidi hana sababu", akapita polepole mbele ya baraza ya mhusika akienda dukani, kisha akarudi kwa njia ile ile. Ujumbe umefika, na ugomvi haujazuka. Akiulizwa, atasema kwamba leso hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya nyingine sandukuni. Wanaume wengi hupishana naye bila kusoma hata neno moja. Hata hivyo nakiri kwamba leso humaliza mambo ya majirani. Haiwezi kuzuia hundi ya kampuni ya ulinzi.

Na kuna nyakati ambapo maneno yote yamekwisha kukataliwa. Mwalimu amemtaja Profesa Maathai wa mwaka wa 1989. Mimi nakumbuka zaidi mwaka wa 1992, pale akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa vijijini, walipoketi kwenye pembe ya Uhuru Park wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe, naye Profesa akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na vitoa machozi, na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo zao mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao. Kila aliyelelewa katika nchi hii alielewa maana yake, kwa maana mama akimvulia nguo mwana, hiyo ni laana ambayo haina haja ya kufafanuliwa. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea kudai, na mapema mwaka wa 1993 wengi wa wafungwa wale walikuwa wamekwisha kuachiliwa. Sikutajii haya ili ufanye hivyo, Mungu atuepushe. Nayataja kwa sababu inanichoma moyo kusikia vijana wakisema kwamba wanawake wa Kenya hawajui kujieleza.

Ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kikao, wapigie simu wanawake wawili au watatu wa mtaa, mkubaliane kwamba mmoja akisema jambo la maana, mwingine ataliunga mkono papo hapo kwa kumtaja jina. Mhandisi wenu alipata watu wa kutikisa vichwa. Nawe jitafutie wa kwako.


Mwenyekiti Mstaafu alijibu:

Dada Katibu, niliongoza chama cha ushirika wa akiba na mikopo kwa miaka mingi, na ninaona kwamba lawama kubwa katika simulizi lako ni ya aliyekalia kiti. Kikao hakina budi kuwa na utaratibu unaomlinda anayesema, na mwenyekiti ndiye mlinzi wake. Pendekezo likitolewa, kazi ya mwenyekiti ni kuuliza mara moja kama kuna anayeliunga mkono, kabla ya kumruhusu mtu yeyote azungumzie taa. Likiungwa mkono linajadiliwa. Lisipoungwa mkono linaanguka, na mtu mwingine akilirudisha baadaye, mwenyekiti husema kwamba jambo hilo lilikwisha kutolewa na fulani. Utaratibu huo ukifuatwa, hakuna anayehitaji kupaza sauti.

Sisi tuliongeza mambo mengine mawili baada ya kuona kwamba wanachama wa kike, ambao ndio waliokuwa na akiba nyingi zaidi, walikuwa wakinyamaza katika mikutano mikuu na kuja ofisini kesho yake kunung'unika. La kwanza, kila mwenye hoja aliruhusiwa kuiandika na kuikabidhi kwa katibu kabla ya siku ya mkutano, nayo ikasomwa kwa jina lake ikiwa sehemu ya ajenda. La pili, nilikuwa nikianza kila mjadala kwa kumpa nafasi mwanamke. Wazee wengine walilalamika kwamba nawapendelea akina mama. Niliwajibu kwamba wao watakuwa na muda wote uliobaki.

Kuhusu kumbukumbu zile, bado hazijawa za mwisho mpaka kikao kijacho kizithibitishe. Wakati wa kuzithibitisha, mjumbe yeyote aliyekuwapo anaweza kuomba zirekebishwe, kwamba pendekezo la daftari la zamu lilitolewa na katibu na kuungwa mkono na Mhandisi. Nakushauri ombi hilo litolewe na mjumbe mwingine, na ikiwezekana mzungumze kwanza na Mhandisi mwenyewe. Kama ni mtu wa haki unavyomweleza, atalisema yeye.


Mwalimu wa Isimu alijibu:

Mzee Mwenyekiti, uliyoyafanya kwa uzoefu yamethibitishwa na watafiti. Mwaka wa 2018 Alecia Carter na wenzake walichapisha uchunguzi wa semina zipatazo 250 za vyuo katika nchi 10. Walikuta kwamba wanawake waliuliza maswali machache sana kuliko wanaume, hata kwa kuzingatia idadi ya waliohudhuria, na kwamba pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi pale muuliza swali wa kwanza alipokuwa mwanamume. Anayefungua mlango huamua ni nani atakayejiona amekaribishwa.

Nao Christopher Karpowitz na Tali Mendelberg waliwaketisha watu watano watano huko Marekani, wakawapa jambo la kuamua juu ya mgawanyo wa pesa. Katika makundi yaliyoamua kwa wingi wa kura, wanawake waliokuwa wachache walizungumza kidogo sana kulingana na idadi yao. Lakini pale kanuni ilipodai kwamba wote wakubaliane, wanawake wachache walizungumza karibu sawa na wanaume, kwa sababu kila mmoja alilazimika kusikilizwa. Tunapozungumzia kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka wa 2010, kinachodai kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vya umma, huwa tunahesabu viti tu. Viti ni vya lazima, nami naviunga mkono kwa moyo wote, lakini kanuni ya kufikia uamuzi nayo ina nguvu ya kumfungua au kumfunga mtu kinywa.


Afisa wa Kliniki alijibu:

Naomba kuongeza upande mmoja ambao haujatajwa, kwa sababu nauona kila siku ya kazi katika kituo cha afya kimoja cha jiji. Mila zile zile zinazomnyima mwanamke sauti kikaoni humnyima mwanamume sauti mbele ya daktari.

Mwanamume huingia akiwa na mkewe. Namuuliza anaumwa nini, naye hutazama ukuta na kusema, "Ni homa tu." Mke husubiri kidogo, kisha husema, "Daktari, huyu tangu mwezi uliopita halali, na akipanda ngazi anashika ukuta." Mume humkazia macho, na mke hunyamaza. Mimi nimebaki na majibu mawili yasiyolingana na foleni ndefu nje. Wavulana wetu huambiwa tangu wakiwa wadogo kwamba mwanamume hujikaza, na matokeo yake tunayapokea sisi, shinikizo la damu na kisukari vilivyogunduliwa vikiwa vimekwisha kuharibu figo au macho. Kuhusu huzuni hali ni mbaya zaidi: mwanamume aliyeachishwa kazi hatasema kwamba ana huzuni, atasema kwamba kichwa kinamuuma, na asipoulizwa zaidi ya hapo atapewa dawa ya kichwa na kurudishwa nyumbani. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba duniani wanaume hufa kwa kujiua kwa kiwango cha takriban mara mbili ya kile cha wanawake, na sidhani kwamba ukimya huo hauhusiki.

Silisemi hili ili kupunguza uzito wa malalamiko ya Dada Katibu. Nalisema kwa sababu wanaume wanaodhani kwamba mjadala huu ni wa akina mama peke yao wanapaswa kujua kwamba nao wanaulipia.


Msomaji wa Embakasi aliuliza:

Daktari, umemweleza mume wangu kana kwamba ulikuwa nasi chumbani. Ana miadi ya kupimwa shinikizo la damu wiki ijayo, nami nimejiandaa kumsemea, kwa maana nikimwachia hatasema lolote. Je, nikae nje? Nikikaa ndani na kunyamaza, nitakuwa nimemsaidia au nimemwacha?


Afisa wa Kliniki alijibu:

Dada yangu, usikae nje kabla hajasema mwenyewe kwamba anataka kuingia peke yake. Muulize hilo nyumbani, mkiwa wawili tu, wala usimuulize mkiwa mlangoni kwa daktari. Siku mbili au tatu kabla ya miadi, mwombe aandike kwenye simu yake mambo anayoyahisi, hata kama ni maneno mawili matatu, kwa sababu wanaume wengi wasioweza kutamka jambo mbele ya mtu huweza kuliandika na kumwonyesha. Mkifika, yeye ndiye akabidhi kitabu chake cha kliniki na yeye ndiye aketi kwenye kiti kilicho karibu na meza. Akiulizwa, mpe muda, hata kama kimya kitakuwa kirefu kiasi cha kukutia aibu. Mara nyingi jibu la kweli la mwanamume ni la pili, baada ya lile la "ni homa tu". Akimaliza na bado ameacha jambo ambalo unaona ni la hatari, kama maumivu ya kifua, kufa ganzi upande mmoja au maneno ya kutaka kujidhuru, liseme mbele yake bila kusita, kwa kuanza na, "Naomba nimkumbushe jambo moja." Mengine yanaweza kusubiri miadi inayofuata.